Koroboi na Debe: Habari za Taa Rahisi za Kariakoo

Wasikilizaji, watu wengi wakitajiwa historia ya mji hufikiri habari za masultani, magavana na majengo makubwa. Leo nataka kueleza historia ya kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni taa ya koroboi, ambayo wengine huiita kibatari. Ilitengenezwa kwa bati lililokwisha kutumika, ikauzwa kwa senti chache, na kwa miaka mingi nyumba nyingi za Kariakoo, Dar es Salaam, hazikuwa na nuru nyingine usiku. Tena umeme ulipokatika, hata wale waliokuwa na taa za umeme walikwenda sokoni kuitafuta.

Zamani watu wa pwani walichoma mafuta ya nazi na ya ufuta. Waliyatia katika chombo cha udongo kilicho wazi, wakalaza utambi wa pamba ukingoni. Chombo kiliachwa wazi kwa sababu. Mafuta ya nazi ni mazito, hayapandi mbali katika utambi; basi moto hauna budi kukaa karibu nayo. Nuru yake ilikuwa ndogo, na mafuta hayo yalikuwa chakula pia, hata mwenye kuwasha taa alipunguza mapishi yake.

Mabadiliko yalitoka ng'ambo. Mwaka 1846 Abraham Gesner, mtu wa Kanada, aliwaonyesha watu mafuta mepesi aliyoyapata katika makaa ya mawe. Hata ulipofika mwaka 1859, Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta huko Titusville, Pennsylvania, katika nchi ya Marekani, na tangu hapo mafuta ya taa yakazidi kuwa mengi na rahisi. Mafuta haya hupanda utambi mrefu bila taabu, kwa hiyo yaweza kufungiwa ndani ya chombo na moto ukawaka juu yake. Ndipo zilipoenea taa za chemni, na fanusi za kuchukua mkononi.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mafuta ya taa yalikuwa yakifika pwani yetu ndani ya madebe ya bati, mawili mawili katika kasha la mbao. Debe moja lilichukua galani 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalikwisha, debe likabaki, wala halikutupwa. Lilichotewa maji kisimani. Lilipimiwa mahindi na mchele sokoni. Likipasuliwa na kunyooshwa, liliezekewa nyumba. Na vipande vilivyosalia viliingia mikononi mwa mafundi bati. Hivyo chombo kilicholeta mafuta ndicho kilichozaa taa ya kuyachomea.

Kazi ya fundi ilikuwa hivi. Alikata bati, au alitwaa kopo la maziwa lililo tupu, akalitilia kifuniko na mkono wa kushikia. Katikati ya kifuniko alipitisha bomba jembamba la bati, akaliunga kwa lehemu, na ndani ya bomba akatia utambi wa pamba au wa kitambaa kilichosokotwa. Hapana chemni, hapana parafujo ya kupandishia utambi, hapana kitu cha kuagizwa Ulaya. Mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, umejulikana sana kwa mafundi wa namna hii, wenye kugeuza vyuma na mabati makuukuu kuwa majiko, ndoo na taa.

Jina la Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao waliutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Mtaa ulipokua, nyumba zake nyingi zilikuwa za vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na mara nyingi kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Mpangaji alijinunulia taa yake mwenyewe. Barazani, mama aliyeuza samaki wa kukaanga au vitumbua aliweka koroboi kando ya sinia, na mnunuzi aliijua biashara yake kwa mwali ule.

Je, umeme haukuwako? Ulikuwako. Wajerumani waliuleta Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wenyewe. Mwaka 1920 ukawa chini ya idara ya Serikali ya Waingereza, na mwaka 1931 ukapewa makampuni. Lakini mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na waya zilifuata cheo na fedha. Waya zilipokuwa Uzunguni, Uswahilini waliendelea kukata utambi.

Hapa yatupasa kupima vema neno "rahisi". Koroboi ni rahisi kununua, si rahisi kutumia. Kwa kuwa haina chemni, moto wake hutikiswa na upepo na hutoa moshi mwingi, nao moshi huo huchafua kuta na vifua vya watu. Nuru yake ni haba, na mtoto anayesoma huinamia karibu mno. Tena maskini hawezi kununua debe zima. Hununua chupa moja, au kipimo kidogo cha dukani, leo na kesho tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kilichojaa kilikuwa cha mwenye duka.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2011. Mvua zilikuwa zimepungua, maji ya mabwawa ya kuendeshea mitambo yakashuka, umeme ukagawiwa kwa zamu, kama ilivyokuwa mwaka 2006. Watu walirudi kwenye mafuta. Na mwaka huo huo Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hata zaidi ya shilingi 400 kwa lita, kwa sababu wafanyabiashara wengine walikuwa wakiyachanganya na dizeli ili kupata faida. Dawa ilikusudiwa kwa wadanganyifu, lakini walioonja uchungu wake ni wenye koroboi. Unguja nako, mji ulipokosa umeme tangu Desemba 2009 hata Machi 2010, kila aliyekuwa na fanusi kuukuu aliifuta vumbi.

Siku hizi Kariakoo huuza taa ndogo za betri na za nguvu ya jua, zisizo na moshi wala mwali wa moto. Anayetumia bado taa ya mafuta na ashike mambo manne: asitie mafuta taa ikiwa inawaka, asichanganye petroli kamwe, aiweke mbali na chandarua na watoto, wala asilale nayo ikiwaka katika chumba kilichofungwa.

Basi, wasikilizaji, mkiulizia bei ya taa, ulizeni bei mbili: ya chombo, na ya kuiwasha mwaka mzima. Babu zetu wa Kariakoo walijua bei ya kwanza tu, maana ya pili hawakuwa na hiari nayo. Sisi tunayo hiari, na yafaa tuitumie.