WAHYI ULIPOKATIKA

Mwezi huu mtukufu tunakumbuka usiku ule katika pango la Hira, mwaka wa 610, Mtume (s.a.w) alipoanza kuteremshiwa Qur'ani. Lakini pia ilikuwepo siku ya mwisho wa wahyi. Je, masahaba walifanya nini?

Mtume (s.a.w) alifariki Madina mwaka wa 11 Hijria (632). Baada yake, Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar (r.a) walikwenda kumzuru Bi Umm Ayman, mlezi wa Mtume. Bibi akalia. Wakamliwaza kuwa yaliyoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora zaidi kwa Mtume wake. Akawajibu kuwa hilo analijua. Kinachomliza ni kuwa wahyi wa mbinguni umekatika. Wakalia wote watatu.

Hebu fikiria. Hawa ndio waliokuwa karibu naye zaidi, na hakuna aliyesema, "Sasa nateremshiwa mimi." Waliodai utume walikuwa wengine, kama Tulayha, ambaye baadaye alitubu, na Musaylima wa Yamama, aliyeuawa vitani.

Katika vita hivyo vya Yamama waliuawa mahafidhi wengi wa Qur'ani, akiwemo Salim, mmoja wa wanne ambao Mtume aliusia watu wajifunze Qur'ani kwao. Sayyidna Umar akaogopa, akamshauri Khalifa Abubakar Qur'ani ikusanywe. Na kazi hiyo akapewa nani? Kijana! Zayd bin Thabit, miaka ishirini na kidogo. Yeye aliona afadhali angeambiwa ahamishe mlima. Hata hivyo akakusanya kutoka kwenye makuti ya mitende, mawe bapa na vifua vya watu. Hakuongeza lake hata moja.

Basi ndoto je? Dini haikatai ndoto njema. Mtume (s.a.w) alisema ni sehemu moja katika 46 za utume. Hata maneno ya adhana, Abdullah bin Zayd aliyaota. Lakini hayakuadhiniwa mpaka Mtume alipoyathibitisha. Leo tukiota, nani wa kututhibitishia? Tunacho kipimo kimoja tu: Qur'ani na Sunna.

Wazee wetu wa pwani walijaribiwa na jambo hili. Mwaka wa 1908, huko Lindi chini ya Wajerumani, ilienea barua ikidai kuwa Sheikh Ahmad wa Madina amemuota Mtume na kuonywa kuwa Kiyama ki karibu. Barua ya aina hiyo imerudi mara nyingi, kwa karatasi na kwa simu: usipoisambaza utapatwa na balaa! Kijana, hiyo amri iko aya gani? Iko hadithi gani? Kama haipo, usiisambaze na wala usiogope.

Ndoto njema ikikujia, mshukuru Mola wako, kisha fungua msahafu. Zayd na wenzake walitukusanyia ili tusome. Mwenyezi Mungu atujaalie tuukhitimishe Ramadhani hii. Amin.