Baiti Zilezile, Mashine Tofauti

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, bado yamesimama mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa kwenye vintengwe, tanuri ndogo za kuvuviwa, kabla mhunzi hajakigeuza kuwa jembe. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alionyesha kwamba malungu hayakuwa peke yake. Eneo hilohilo liliwahi kuwa na ufundi mwingine wa kuyeyusha chuma, ukiwemo wa katukutu. Kwa hiyo anayeokota pande la mavi ya chuma lazima ajue kwanza limetoka tanuri ya aina gani, ndipo alisome.

Anayesoma msimbo wa mashine ana sharti kama hilo. Programu iliyo tayari kuendeshwa ni msururu wa baiti, yaani namba tupu. Debaga, programu ya kuchunguza programu nyingine, ndiyo huzigeuza namba hizo kuwa amri zinazosomeka na binadamu, kazi inayoitwa disasemba. Lakini ni lazima iambiwe amri hizo ni za prosesa ipi. Ukiipa jibu lisilo sahihi, mara nyingi haitalalamika. Itakupangia amri zenye sura nzuri ambazo prosesa halisi haikuwahi kuzitekeleza.

Tatizo hili lina umri wa kompyuta zenyewe. Mwanzoni karibu kila modeli ilikuwa na amri zake, na mteja aliyenunua mashine mpya alilazimika kuandika programu upya. Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya mashine ndogo na kubwa zilizoelewa amri za aina moja. Mwaka uliofuata, 1965, Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha. Jina lilikuwa la kampuni ya Uingereza, ila mashine yenyewe ilibuniwa Marekani na RCA, iliyoiuza kwa jina la RCA 301. Aliyetaka kuelewa programu zake alipaswa kujua ubunifu wa RCA. Kibandiko kisingemfikisha mbali.

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka huohuo Intel ilitoa prosesa ya 8080, na miaka miwili baadaye Federico Faggin, aliyekuwa ameshiriki kuibuni, akatoa Z80 kupitia kampuni yake ya Zilog. Z80 iliendesha programu za 8080, kisha ikajaza nafasi zilizoachwa wazi. Chukua baiti 10, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Kwenye 8080 haina kazi rasmi. Kwenye Z80 inapunguza moja katika rejista B (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) na kuruka ikiwa haijafika sifuri, na inaimeza baiti inayofuata kama umbali wa kuruka. Msomaji aliyechagua 8080 anapotea hapo, na amri zinazofuata nazo zinaweza kusomwa kombo.

Juni 1978 ikaja 8086, mzazi wa ukoo wa kompyuta za mezani hadi leo. Kwake, baiti 0F ilikuwa amri kamili ya kuchukua thamani kwenye staki na kuiweka katika rejista CS. Kuanzia 80286 ya mwaka 1982, baiti hiyohiyo ikawa mlango wa kundi jipya la amri zenye baiti mbili au zaidi. DEBUG, debaga ya Tim Paterson iliyokuja na IBM PC mwaka 1981, iliijua 8086 na ndugu yake 8088. Ilipokutana na amri za 80386 ya mwaka 1985, haikuzitambua, ikaziandika kama data tu.

Marufuku ya Tanzania ililegezwa katika miaka ya 1980, wakati ukoo huu ukipanda kutoka biti 16 hadi 32. Mwaka 2003 AMD iliufikisha kwenye 64 kwa Opteron. Tazama baiti B8 01 00 00 00. Kwa biti 32 ni amri moja: weka 1 katika EAX. Kwa biti 16 ni mbili: weka 1 katika AX, kisha jumlisha AL kwenye kumbukumbu. Tazama pia 48 89 E5. Kwa biti 64 inanakili RSP kwenda RBP. Kwa biti 32 inapunguza kwanza moja katika EAX, ndipo inanakili ESP kwenda EBP. Kwa hiyo hata jina sahihi la prosesa halitoshi. Kompyuta inayowaka kwa BIOS huanzia katika modi ya biti 16 hata kama prosesa yake ni ya biti 64, na ndiyo sababu anayechunguza sekta ya kuwashia huiambia debaga ya GDB kwamba prosesa ni i8086.

Huko Kaengesa, kata ya Sumbawanga inayojulikana kwa seminari yake, kompyuta iliyo karibu zaidi na mtu ni simu ya mfukoni, na simu nyingi zina prosesa za ARM. Sophie Wilson na Steve Furber waliibuni ARM ya kwanza huko Cambridge, ikafanya kazi mwaka 1985. Mwaka 1994 iliongezwa Thumb, yenye amri fupi za biti 16, na mwaka 2011 ikatangazwa seti mpya ya biti 64. Ndani ya faili moja la biti 32, sehemu moja yaweza kuwa ARM na nyingine Thumb. Biti ya mwisho ya anwani ya kuruka ndiyo hueleza ipi inafuata.

Ukipata faili la programu la aina ya ELF, anza na namba ya prosesa iliyo kwenye kichwa chake: 3 ni x86 ya biti 32, 62 ni ya biti 64, 40 ni ARM, 183 ni ARM ya biti 64. Programu za Android zenye msimbo wa mashine hutenga folda za arm64-v8a na armeabi-v7a. Msimbo usio na kichwa uupime: miruko itue mwanzoni mwa amri, na kila kazi iwe na mwisho unaoeleweka. Wala usiridhike na jina lililo kwenye boksi. Simu bandia, ambazo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizima Juni 2016, zinaweza kutaja prosesa zisiyokuwa nayo.

Walimu wa kompyuta wa Rukwa na kwingineko wafundishe jambo hili mapema, kabla ya amri yoyote ya debaga. Anayeanza kusoma baiti bila kuijua prosesa na modi yake hasomi, anakisia.