Unahamia keja mpya? Hivi ndivyo utachagua sufuria za kukaa miaka bila nonstiki

Kama umehamia bedsita na unapiga hesabu ya vyombo, seti ya nonstiki ndiyo itakuita kwanza dukani. Rangi ni poa, mayai hayashiki, na unapewa vyombo kadhaa kwa bei moja. Lakini ile ngozi nyeusi ya ndani ndiyo unayolipia. Ikibanduka, unarudi dukani na doo zingine.

Na kwa jikoni zetu inabanduka mapema. Stiliwaya, kijiko cha chuma na moto wa chapati ni maadui wake. Nyingi hupakwa PTFE, na joto likipita nyuzi 260 hivi, PTFE huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Pani tupu ikisahaulika kwenye gesi inafika hapo kwa dakika chache tu.

Sasa weka ganji yako wapi?

1. Sufuria ya aluminiamu: ya ugali na chai

Aluminiamu inasambaza moto vizuri na bei yake haiumi. Chukua nzito. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba. Ukijipinda, achana nayo. Usilaze nyanya, ndimu au maziwa lala ndani, kwa sababu asidi inakula aluminiamu.

Hapa kuwa rada. Kuna sufuria zinazomiminwa kutoka kwa vyuma chakavu, na chakavu zingine zina risasi. Utafiti wa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya ikiwemo, na karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kiwango cha kutisha. Risasi haionekani wala haionjwi kwa chakula, na inaharibu ubongo wa mtoto. Tafuta sufuria iliyokandamizwa kutoka kwa bamba moja: ni laini ndani na nje na unene wake ni sawa kote. Ikiwa na vishimo na mikwaruzo ya kumiminwa, muulize muuzaji chuma kilitoka wapi. Akikosa jibu, songa.

2. Stenlesi: ya mchuzi, pilau na kila kitu

Hii haili nyanya wala haipati kutu kirahisi, na stiliwaya haiui. Ukiona 18/10 imeandikwa chini, maana yake ni kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Lakini usidanganywe na kung'aa. Geuza sufuria uangalie kitako. Kikiwa chembamba kama kifuniko, mchele utaungua katikati na pembeni ubaki mbichi. Unataka kitako kinene chenye tabaka la aluminiamu katikati. Mkono nao uwe umefungwa kwa riveti. Ule wa skrubu moja utalegea.

Unaogopa mayai kushika? Washa moto wa wastani, nyunyiza matone ya maji. Yakianza kukimbia kama shanga badala ya kukauka, weka mafuta, kisha mayai. Utashangaa.

3. Chuma nzito: ya chapati, nyama na mayai

Hii unaeza mwachia mtoto wako. Ukiinunua, ioshe, ikaushe kwa moto, ipake mafuta kidogo sana, kisha ichome hadi iache kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne. Mafuta yanageuka ngozi nyeusi isiyoshika chakula, na ikiharibika unaitengeneza mwenyewe bila kulipa mtu. Ikipata kutu, sugua, paka mafuta, choma tena. Usiichemshie mchuzi wa nyanya kwa muda mrefu na usiilaze kwa maji.

4. Chungu: ya maharagwe na githeri

Ladha iko juu, lakini moto wa ghafla unaipasua. Anza na moto mdogo.

Ukiwa na doo kidogo

Usinunue seti. Anza na vitu vitatu: sufuria moja ya aluminiamu ya ugali, moja ya stenlesi yenye kitako kinene, na chuma ya chapati. Mambo mengi ya kejani yanapikika hapo. Na kama tayari uko na nonstiki nzima, itumie kwa moto mdogo na mwiko wa mbao. Siku itaanza kubanduka, hiyo ndiyo ya kubadilisha kwanza.