Naenda bomani

Katika miji mingi midogo ya Tanzania bara, mtu mwenye shida na serikali husema, "Naenda bomani." Kibao kimeandikwa "Ofisi ya Mkuu wa Wilaya", lakini hakuna anayejisumbua na maneno yote hayo. Boma ni uzio wa miti na miiba wa kulalia ng'ombe, au wa kuzuia wavamizi kijijini. Wajerumani walipojenga ngome zao za utawala, watu waliziita kwa kile walichokiona: ukuta.

Wapo wanaoshikilia kwamba neno hili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayohusu utawala wa ng'ambo. Utamu wa hadithi hiyo haupingiki, ila miaka inaikataa. Msafiri Stanley alishalitumia neno "boma" katika kitabu chake cha 1872, na Waingereza hawakuitawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza.

Litazame Boma la Bagamoyo, la mwaka 1897: ghorofa mbili, umbo la herufi U, matao, ua katikati, na juu kabisa ukingo wa paa uliochongwa meno kama ngome inayongojea adui. Makao makuu ya koloni yalikuwa yamekwisha kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo jengo hili lilikuwa la wilaya tu. Meno ya nini, basi? Pwani hiyo ilikuwa imetoka kwenye vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vya 1888 na 1889, na mtawala alitaka kila apitaye ajue nani alishinda. Mvua kubwa za El Niño mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliangusha sehemu ya jengo bila kujali meno hayo.

Ukishaingia ndani ya boma, lugha inarudi nyumbani. Afisa wa kikoloni aliitwa Bwana Shauri, maana kwake ndiko mashauri yalikopelekwa. Baraza, lile benchi la mawe nje ya nyumba za pwani ambapo wazee hunywa kahawa na kuchambana, leo ni chombo cha sheria: kuna Baraza la Ardhi na Nyumba, na hata mawaziri wana lao. Naona hapa Kiswahili kilifanya kazi nzuri kuliko kamati yoyote ya istilahi.

Kizimba kinanichekesha zaidi. Ni tundu la kuku. Magazeti huandika kila siku kwamba fulani "amepandishwa kizimbani", na hakuna msomaji anayefikiria mayai. Shahidi naye huingia kizimbani, bila kosa.

Gereza ndilo lililosafiri mbali. Inasemekana limetokana na neno la Kireno la kanisa, likahamia kwenye ngome, kisha kwenye jela. Kilwa Kisiwani, ngome ya kale inaitwa Gereza mpaka leo, na mwongoza watalii hana budi kuanza kwa kuwatoa wageni wasiwasi.