Je, gari za umeme zinasafisha hewa ya miji?

Gari ya umeme inatembea kwa nguvu ya betri, bila kuchoma esansi wala mazutu. Haina bomba la moshi. Je, hiyo inatosha kusafisha hewa ya mji? Tuangalie pande zote.

Kinachopungua

Mazutu ikiungua inatoa masizi na gesi zinazoumiza mapafu. Mwaka 2012, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani (OMS) waliuweka moshi huo kati ya vitu vinavyoleta kansa. Gari ya umeme inauondoa pale barabarani, mahali wachuuzi na watoto wa shule wanapopumua. Mji wa Shenzhen, katika China, ulimaliza kubadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, mwishoni mwa 2017. Kwa jirani zetu wa Kigali, pikipiki za umeme zinazobeba abiria zinazidi kuongezeka.

Kinachobaki

Vumbi la barabara na la mipira linabaki. Betri ni nzito, kwa hiyo mipira inaweza kuisha upesi zaidi. Vumbi la breki linapungua, kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Tena, umeme unatoka wapi? Ukitoka kwenye makaa ya mawe, moshi unaondoka mjini na kuwafikia wanaokaa karibu na kiwanda cha umeme. Hapa Congo karibu umeme wote unatoka kwenye nguvu ya maji, kama kule Inga. Lakini familia nyingi bado hazijaupata.

Sisi na betri

Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, katika Lualaba na Haut-Katanga. Betri nyingi za gari zinaitumia, ingawa si zote. Hatuwezi kusifu hewa safi ya mji wa mbali tukimnyamazia mchimbaji wa Kolwezi anayevuta vumbi la mgodi bila kinga. Naye ni jirani yetu.

Jibu

Ndiyo, zinapunguza uchafu wa hewa, hasa mabasi na pikipiki zinazozunguka mchana kutwa. Lakini haziumalizi. Katika miji yetu ya mashariki, moshi wa makala jikoni na wa jenereta utabaki hata gari zote zikibadilishwa. Basi, tukiomba umeme, tuuombe kwanza kwa ajili ya jiko la mama.