Lijamu na Mkono wa Mpandaji

Msomaji, ukipita leo katika Racecourse Road, upande wa Kariokor na Eastleigh mjini Nairobi, utasikia honi za magari na sauti za wachuuzi, wala hutaona farasi hata mmoja. Lakini jina la barabara hiyo ni kumbukumbu. Maana yake ni njia ya uwanja wa mbio za farasi. Tangu miaka ya mwanzo ya mji, farasi walishindana upande huu wa mashariki, mpaka mwaka 1954 uwanja mpya ulipofunguliwa kando ya Ngong Road. Wenye farasi wameandikwa sana katika historia. Masaisi waliowalisha, waliowasugua na kuwatia lijamu kila alfajiri wameandikwa kidogo mno. Hata hivyo, saisi ndiye aliyekijua kinywa cha farasi kuliko mtu yeyote.

Yafaa ujue lijamu ni nini. Ni chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi, na hatamu ni kanda za ngozi zitokazo kwenye chuma hicho hadi mikononi mwa mpandaji. Maneno hayo mawili, pamoja na neno farasi, yametujia kutoka Kiarabu. Nao Wasomali, ambao ni wengi Eastleigh, humwita mnyama huyo faras. Maumbile yamemwachia farasi mwanya mkubwa baina ya meno ya mbele na magego. Hapo ndipo chuma kinapokaa, juu ya ulimi na ufizi.

Sasa fikiri. Farasi wa mbio aweza kuwa na uzito wa kilo 500, na mpandaji wake kilo 55 tu. Mnyama huyo akikataa kusimama, ni nguvu gani ya mtu itakayomzuia? Kwa ajili hiyo watu wa kale walibuni lijamu za namna nyingi, lakini zote zatokana na mbili. Ya kwanza ni chuma chepesi chenye pete mbili kandoni. Mkono ukivuta kidogo, kinywa huguswa kidogo. Ya pili ina vyuma virefu vinavyoning'inia kando ya kinywa, na mnyororo mdogo chini ya kidevu. Hii ni wenzo, kama ule unaosoma katika elimu ya nguvu: mvuto mdogo wa mkono huwa mkazo mkubwa kinywani.

Wengi hudhani kwamba farasi mwenye nguvu ahitaji lijamu kali, na akizidi ukaidi, lijamu izidi ukali. Jambo hili lilikwisha kufikiriwa zamani. Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba mpandaji awe na lijamu mbili, moja laini na moja yenye makali. Ile yenye makali haikuwa ya kutumiwa daima. Ilikuwa ya kumfanya farasi aifurahie ile laini. Tena alitaka zote ziwe nyepesi kupindika, kwa maana chuma kigumu kisichopindika farasi hukikamata kwa meno.

Farasi ni mnyama akimbiaye anapoumia. Ukimwumiza kinywa ili asimame, waweza kumwongezea sababu ya kukimbia. Basi kabla ya kubadili lijamu, tazama meno yake. Jino lenye ncha laweza kuwa ndilo kisa. Tazama mgongo wake na tandiko lake. Kisha uliza alifundishwa nini. Farasi aliyezoea mbio huegemea hatamu iliyokazwa na kuendelea kukaza mwendo, hivyo ukimvuta bila kuacha, yeye huona umemwamuru aende. Yampasa ajifunze upya: vuta, legeza, kisha vuta tena, na pindi atiipo, mkono ulegee mara moja.

Hapo ndipo uchague chuma. Kisiwe kifupi kikabana midomo, wala kirefu kikacheza huku na huku. Wala kisiwe kinene hata ulimi ukakosa nafasi. Anza na kilicho laini. Lijamu ya wenzo iwe mikononi mwa mtu mwenye ujuzi, kwa kuwa kosa dogo la mkono huwa jeraha kubwa kinywani.

Farasi wametoweka Racecourse Road, lakini lugha yetu haikuwaacha. Hata leo tunasema kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi. Usikiapo maneno hayo, ewe msomaji, kumbuka kwamba hatamu ina ncha mbili: moja mkononi mwa ashikaye, na nyingine kinywani mwa aongozwaye. Uulize juu ya zote mbili.