Antivairasi feki: biashara ya kuuza woga

Kabla umlipe fundi apige format kompyuta ya mathe, nisikize. Hapa Satellite nimeona hiyo story mara nyingi sana. Skrini inawaka nyekundu, king'ora kinalia, maandishi yanasema una virusi mia tatu. Mashine inabebwa mbio hadi stejini, na inarudi ikiwa safi kabisa, bila picha hata moja ya marehemu guka. Hizo picha hazikuliwa na virusi, zilifutwa na fundi.

Hii kitu ina historia, na ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa 2008 kulikuwa na kampuni inaitwa Innovative Marketing. Iliandikishwa Belize lakini ofisi zake zilikuwa Kiev, Ukraine. Ilikuwa inauza WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner na XP Antivirus. Zote zilitumia mbinu moja: tangazo linajifanya linakagua kompyuta yako, linapata ugonjwa ambao haupo, halafu linakuuzia dawa kwa dola 39.95 na kuendelea. Matangazo yenyewe yalipenyezwa hadi kwa tovuti za heshima, maana jamaa walijifanya mawakala wa mashirika halali. Desemba mwaka huo tume ya FTC ya Marekani iliwapeleka kortini, ikisema zaidi ya watu milioni moja wamenunua. Mwaka wa 2012 mmoja wa wahusika aliamriwa alipe zaidi ya dola milioni 163. Kwa kuuza hewa!

Sisi tulikuwa wapi? Kenya ilikuwa bado inavuta intaneti kwa setilaiti (ya angani, si mtaa wetu). Kebo ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, TEAMS pia ikafika Mombasa mwaka huohuo, na net ikaanza kushika kasi. Lakini virusi havikungoja kebo, vilikuwa vinasafiri kwa flashi kutoka saiba moja hadi nyingine. Conficker ilikuwa hivyo, na Aprili 2009 toleo lake moja likaanza kushusha antivairasi feki, SpyProtect 2009. Maoni yangu: wengi wetu hatukulipa kwa sababu hatukuwa na kadi za benki za kulipia. Umaskini ulitukinga, lakini kompyuta zilibaki zimekwama tu.

Na usidhani simu yako iko salama. Mwaka wa 2014 programu ya Virus Shield ilipakuliwa zaidi ya mara 10,000 pale Google Play, kwa dola 3.99. Kazi yake? Ukiigusa, alama ya X inageuka kuwa tiki. Basi. Mimi niliacha chuo na hata mimi ningeiandika hiyo.

Sasa utaijuaje? Antivairasi ya ukweli haimalizi kukagua diski nzima kwa sekunde tano. Haikuzuii kufungua Task Manager. Haikupi namba ya kupiga haraka, na haikatai kuondoa virusi mpaka ulipe kwanza.

Siku hizi, mara nyingi hata hakuna kitu kimeingia kwa mashine. Ni tovuti fulani uliibonyezea "Allow" ukitafuta muvi ya bure. Enda settings za Chrome, sehemu ya notifications, uitoe. Kelele inaisha hapo hapo.

Kama imejiweka kwa mashine kabisa, zima Wi-Fi kwanza. Shikilia Shift ukibonyeza Restart, uingie Safe Mode, halafu ing'oe kwa orodha ya programu. Ukirudi, endesha Malwarebytes ya bure, au ile Defender Offline ambayo tayari iko ndani ya Windows 10 na 11. Kama kuna mtu aliingiza namba ya kadi, pigia benki leo leo, si kesho.

Na fundi akikwambia lazima apige format, mwambie atoe picha kwanza, ukiwa umesimama hapo ukiona.